Tawi Hukua, Tagi Husimama

Programu ikishatoka mikononi mwa aliyeiandika, huanza kuishi maisha mawili. Mteja anaendelea kutumia toleo alilopewa. Mwandishi naye yuko mbioni kuandaa lile lijalo. Siku mteja anapolalamika kwamba hesabu zake hazitoki sawa, mwandishi hana budi kurudi kwenye msimbo kama ulivyokuwa miezi kadhaa nyuma, arekebishe kosa palepale, tena bila kumpelekea mteja vipande vipya ambavyo havijakomaa. Njia rahisi ya kufanya hivyo ni kunakili. Faili moja huwa matatu, matatu huwa kumi, na baada ya muda hakuna awezaye kuapa kwamba nakala hii ndiyo iliyo kwa mteja na ile siyo.

Marc Rochkind wa maabara za Bell, Marekani, aliishughulikia vurugu hiyo mwaka 1972. Programu yake iliitwa SCCS. Ilianzia kwenye kompyuta kubwa ya IBM System/370 kwa lugha ya SNOBOL, na mwaka uliofuata ikaandikwa upya kwa lugha ya C ili iingie kwenye mfumo wa Unix. SCCS haikuhifadhi nakala nzima ya kila toleo. Ilitunza faili moja lenye mistari yote iliyowahi kuandikwa, huku ikikumbuka kila mstari uliingia katika toleo gani na ukaondolewa katika toleo gani. Ukiomba toleo fulani, faili husomwa lote mara moja na mistari isiyohusika huachwa nje.

Matoleo yalipewa namba: 1.1, 1.2, 1.3. Ikitokea kwamba 1.3 limekwishaandikwa na kosa limegunduliwa katika 1.2, rekebisho hupewa namba 1.2.1.1, yaani la kwanza katika tawi la kwanza lililochipuka kutoka 1.2. Aliyezizoea namba hizo alizisoma kama nasaba: huyu ni mtoto wa nani, na alizaliwa wapi. SCCS haikuwa na tagi kwa maana ya leo, lakini ilikuwa na kitu kilichokaribia. Mwandishi aliweka alama maalumu ndani ya msimbo. Faili lilipotolewa, alama hiyo iligeuka kuwa jina na namba ya toleo, na maandishi hayo yakabaki hata ndani ya programu iliyokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mashine. Amri moja fupi ya Unix, "what", iliyatafuta na kuyaonyesha. Programu iliyokuwa ikifanya kazi kwa mteja iliweza kuulizwa yenyewe: wewe ni toleo lipi?

Swali hilo ndilo moyo wa historia hii. Tawi ni mahali kazi inapoendelea, na kila kukicha ncha yake inasogea. Tagi ni jina lililobandikwa kwenye hali moja ya msimbo, na thamani yake yote imo katika kutosogea. Kwa miaka hamsini watengeneza programu wamebuni njia moja baada ya nyingine za kulisogeza tawi kwa wepesi. Kuhakikisha kwamba tagi haisogei kumekuwa kazi ngumu zaidi, na kumechelewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, alitoa RCS. Yeye aligeuza hesabu. RCS ilihifadhi toleo jipya kabisa likiwa zima, na ya zamani ikayatunza kama maelekezo ya kurudi nyuma hatua kwa hatua. Hoja yake ilikuwa ya busara: mara nyingi watu huomba toleo la mwisho, basi na litoke haraka. Lakini uamuzi huo ulilipendelea shina, yaani mstari mkuu wa matoleo. Mtu aliyetaka kufanya kazi kwenye tawi aliulazimu mtambo kurudi nyuma hadi tawi linapoanzia, kisha kusonga mbele tena hadi kwenye ncha yake. Katika RCS tawi lilikuwa la lazima tu, si la kila siku.

RCS ilileta jambo jingine lenye uzito kuliko kasi: majina. Toleo lingeweza kupewa jina linaloeleweka badala ya namba tupu. Kasoro yake ni kwamba jina lilikaa ndani ya faili moja moja, na programu yenye mafaili mia tano ilihitaji jina hilohilo liandikwe mara mia tano. Aidha, aliyetaka kuhariri faili alilifunga kwanza, na wenzake wakasubiri amalize.

Huko Amsterdam, katika chuo cha Vrije Universiteit, kusubiri ndiko kulikomchosha Dick Grune. Mwaka 1984 alikuwa akiandika kitafsiri cha lugha ya C pamoja na wanafunzi wake wawili, na ratiba za hao watatu hazikulingana hata kidogo: mmoja alikuwa na saa za kazi zisizobadilika, mwingine alikuja alipoweza, na Grune mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Kama faili lingebaki limefungwa na mtu asiyekuwepo, kazi ingelala. Akaandika skripti zilizokaa juu ya RCS na kumruhusu kila mmoja kuhariri nakala yake, kisha mabadiliko yakaunganishwa. Skripti hizo alizitoa hadharani mwaka 1986. Mwaka 1989 Brian Berliner aliziandika upya kwa lugha ya C, na hiyo ndiyo CVS iliyotawala ulimwengu wa programu huria kwa zaidi ya muongo mmoja.

CVS iliufanya mradi mzima kuwa kitu kimoja machoni pa mtumiaji, ingawa ndani kila faili lilibaki na namba zake. Faili moja liko kwenye 1.3, jirani yake 1.78, jingine 1.14. Namba hizo hazisemi chochote kuhusu mradi kwa jumla. Hapo tagi ikawa haikwepeki. Ilifanana na picha ya familia: kila mtoto ana umri wake, lakini wote wamesimama mbele ya kamera siku moja. Bila tagi, hapakuwa na njia ya uhakika ya kusema "hili ndilo toleo tulilompa mteja."

Bei yake ilikuwa kubwa. Ili kuweka tagi, CVS ilifungua kila faili la hazina ya msimbo na kuandika jina ndani yake, moja baada ya jingine. Kwenye miradi mikubwa kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na ikikatika njiani, nusu ya mafaili yalikuwa na jina na nusu hayakuwa nalo. Tawi nalo lilikuwa aina ya tagi, jina lenye namba ya pekee iliyofichwa katikati, kama 1.5.0.2. Baya zaidi, CVS haikukumbuka kuunganisha. Ukishahamisha marekebisho kutoka tawini kwenda shinani, hakuna kilichoandikwa popote kwamba yamekwisha kuhamishwa. Ukiunganisha tena mwezi ujao, mtambo ungejaribu kuyaingiza upya. Watu makini walijiwekea desturi: weka tagi kabla ya kuchipusha tawi, weka nyingine kila unapounganisha, na uzipe majina ya kukumbukika. Kumbukumbu iliyopaswa kuwa ya mashine ilibebwa na binadamu.

Hata hivyo kuna miradi iliyojenga nidhamu kubwa juu ya msingi huo. FreeBSD, mfumo endeshi huria, ni mfano ninaouheshimu sana. Shina lao waliliita CURRENT, mahali pa kazi mbichi, na kando yake yakawepo matawi ya STABLE kwa wale wanaoendesha seva na hawataki mshangao. Toleo la 4.0 lilitoka Machi 2000, na tawi lake likaendelea kutoa matoleo hadi 4.11, Januari 2005. Toleo la 5.0 lilitoka Januari 2003, lakini tawi imara la 5 halikuchipushwa mpaka mwaka 2004, kwa sababu mabadiliko ya kuwezesha kerneli, yaani kiini cha mfumo, kutumia vichakataji vingi kwa wakati mmoja yalikuwa bado hayajatulia. Kwa zaidi ya mwaka mzima, aliyeuliza atumie lipi aliambiwa abaki kwenye 4. Hilo ni tamko la watu kuhusu kipi cha kuaminiwa, na tawi ndilo lililolibeba.

Mwaka 2000 kampuni ya CollabNet iliwakusanya watu walioifahamu CVS na maumivu yake, akiwemo Karl Fogel aliyekuwa ameandika kitabu juu yake, Jim Blandy na Ben Collins-Sussman. Walichokijenga ni Subversion. Mwishoni mwa Agosti 2001 waliacha CVS na kuanza kuhifadhi msimbo wa Subversion ndani ya Subversion yenyewe, na toleo la 1.0 likatoka Februari 2004. Sasa namba ilikuwa ya mradi mzima: badiliko la 4,201 lilimaanisha hali ya mafaili yote kwa pamoja. Kazi ikihifadhiwa, inaingia yote au haiingii kabisa.

Suluhisho lao la matawi lilikuwa jepesi kiasi cha kushangaza. Walisema tawi ni folda iliyonakiliwa, na tagi pia ni folda iliyonakiliwa. Kunakili hakukuchukua nafasi, kwa kuwa hazina iliandika tu kwamba folda hii mpya inaelekeza kwenye ile ya zamani katika namba fulani. Kwa desturi kukawa na folda tatu: ya shina, ya matawi na ya tagi. Dakika zilizopotea kwenye CVS zikawa sekunde.

Lakini kwa kuwa tagi ilikuwa folda kama folda nyingine, hakuna kilichomzuia mtu kuingia ndani yake na kubadilisha faili. Mtambo haukujua tofauti kati ya folda ya matawi na ya tagi. Waliojua ni watu. Miradi iliyojali iliweka skripti kwenye seva ya kukataa mabadiliko ndani ya tagi. Iliyokosa skripti ilitegemea uungwana. Na kuunganisha kuliendelea kuwa kazi ya kuandika kwa mkono hadi Juni 2008, toleo la 1.5 lilipoanza kukumbuka lenyewe ni mabadiliko gani yamekwisha kuhamishwa.

Miongoni mwa miradi iliyokulia kwenye Subversion kabla ya kuhamia Git, mtambo tutakaoufikia punde, ni OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa uliobuniwa kuanzia mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006 katika mpango wa AMPATH wa matibabu ya VVU. Mwaka huohuo ukafika Rwinkwavu, Rwanda. Katika kazi ya namna hiyo tagi si jambo la wataalamu peke yao. Kliniki inayoandikia wagonjwa dawa haiwezi kuendeshwa kwa ncha ya shina, mahali ambapo jana usiku mtu fulani alibadilisha jinsi tarehe inavyosomwa. Inahitaji toleo lenye jina, lililopimwa, na lenye tawi lake la marekebisho ambalo halibebi kingine chochote.

Wakati huohuo mradi mkubwa mno, kerneli ya Linux, ulikuwa umekataa katakata CVS na Subversion. Kuanzia mwaka 2002 Linus Torvalds, mwanzilishi wake, alitumia BitKeeper, programu ya kibiashara ya kampuni ya Larry McVoy iliyotolewa bure kwa waandishi wa kerneli kwa masharti. Wengi hawakuyapenda masharti hayo, na kwa ajili yao iliwekwa nakala ya msimbo kwenye seva ya CVS. Novemba 2003 mtu asiyejulikana aliingia kwenye seva hiyo na kupachika mistari miwili ya msimbo. Kwa macho ilionekana kama ukaguzi wa kawaida unaolinganisha namba ya mtumiaji na sifuri. Kilichokuwepo ni alama moja ya usawa badala ya mbili, na kwa lugha ya C hiyo haiulizi kama namba ni sifuri bali inaifanya kuwa sifuri. Aliyejua njia hiyo angejipatia mamlaka yote ya mashine. Hila ilinaswa haraka kwa sababu badiliko lile halikuwa na mwenzake ndani ya BitKeeper. Nakala mbili zililinganishwa, zikatofautiana, na McVoy akapiga mbiu.

Aprili 2005 uhusiano na BitKeeper ulivunjika. Mtengeneza programu Andrew Tridgell alikuwa akichunguza namna programu hiyo inavyozungumza na seva zake, na McVoy akaondoa ruhusa ya matumizi ya bure. Torvalds alianza kuandika Git tarehe 3 Aprili. Tarehe 7 Git ilikuwa ikijihifadhi yenyewe. Tarehe 16 kerneli ikaingia, kuanzia toleo la majaribio 2.6.12-rc2. Mwezi Julai alimkabidhi Junio Hamano utunzaji wa mradi, naye anautunza hadi leo.

Ndani ya Git kila hali ya mradi iliyosajiliwa, ambayo watumiaji huiita komiti, hutambulishwa kwa alama 40 zinazokokotolewa kutokana na maudhui yake yote: mafaili, mwandishi, tarehe, maelezo, na komiti iliyotangulia. Ukibadilisha herufi moja mahali popote katika historia, alama za komiti hiyo na zote zilizofuata zinabadilika. Mtu aliyechezea msimbo kimyakimya mwaka 2003 asingepata pa kujificha hapa.

Juu ya msingi huo, tawi ni kitu kidogo mno: faili lenye alama hizo 40 na mwisho wa mstari, baiti 41 kwa jumla. Ukisajili komiti mpya ukiwa tawini, Git inafuta alama za zamani ndani ya faili hilo na kuandika mpya. Basi. Ndiyo maana leo kijana anayejifunza programu huchipusha matawi matano kabla ya chakula cha mchana na kuyafuta jioni, jambo ambalo mtumiaji wa CVS angeliona wazimu. Torvalds alipozungumza kwa wahandisi wa Google mwaka 2007, alisisitiza kwamba wepesi wa kuchipusha haukuwa hoja. Kuchipusha hakumsaidii mtu kama kuunganisha kunamtoa jasho. Git iliandika wazazi wote wa kila muunganiko ndani ya komiti yenyewe, na hivyo swali la "je, hili limekwisha kuhamishwa?" likapata jibu la kudumu. Kuna muunganiko mmoja katika kerneli, wa mwanzoni mwa mwaka 2014, wenye wazazi 66.

Na tagi? Git inazo za aina mbili. Ya kwanza ni nyepesi, na kwa umbo haitofautiani na tawi: faili dogo lenye alama 40. Tofauti ni tabia tu, kwamba Git hailisogezi unapoendelea kufanya kazi. Ya pili ni kitu kamili kinachohifadhiwa ndani ya hazina, chenye jina la aliyeiweka, tarehe, maelezo, na akitaka, saini ya kidijiti. Kila toleo la kerneli hutoka na tagi ya aina hii iliyosainiwa na anayelitoa. Hata yale yaliyotangulia Git hayakusahaulika kabisa: hazina ya kerneli ina tagi iitwayo v2.6.11, na kwa kuwa hapakuwa na komiti ya toleo hilo, inaelekeza moja kwa moja kwenye mti wa mafaili.

Mercurial, iliyozaliwa mwezi uleule wa Aprili 2005 kutokana na mgogoro uleule, ilichagua njia nyingine, na kwa maoni yangu ilikuwa njia nzuri. Olivia Mackall, mwandishi wake, aliziweka tagi ndani ya faili la kawaida linalohifadhiwa pamoja na msimbo. Anayehamisha tagi anaacha nyayo katika historia ya mradi, na kila mtu anaweza kuona nani aliihamisha na lini. Git haina kumbukumbu ya namna hiyo. Mwongozo wake unamshauri aliyekosea kuweka tagi akiri kosa na atumie jina jipya, maana wenzake wanaweza kubaki na tagi ya zamani bila kujua. Ni tangu toleo la 2.20, Desemba 2018, ndipo Git ilipoacha kubadilisha tagi za mtumiaji kimya anapovuta mabadiliko kutoka seva.

Saini zilipata uzito mpya mwaka 2011. Mwishoni mwa Agosti iligundulika kwamba seva za kernel.org, makao ya msimbo wa kerneli, zimevamiwa. Msimbo ulikuwa salama, kwa kuwa maelfu ya watu walikuwa na nakala zenye alama zilezile, lakini Torvalds alilazimika kwa muda kuweka kerneli kwenye tovuti ya GitHub, na maombi ya kuunganisha yakawa yanamjia kutoka anwani ambazo hakuzijua. Angewezaje kujua kwamba tawi analoombwa kulivuta ni la mtu anayemfahamu? Tawi halina saini. Kesho litakuwa limesogea. Jibu lilikuwa kuomba tagi iliyosainiwa badala ya tawi, na Git 1.7.9, mwanzoni mwa mwaka 2012, ikawa na uwezo wa kuihifadhi saini hiyo ndani ya komiti ya muunganiko, ili hata miaka kumi baadaye ithibitishwe upya.

Miradi mingi haikufuata mfano huo. Machi 2025 ulimwengu uliona matokeo yake. Kwenye GitHub kuna vipande vya kazi vinavyoendeshwa na seva kila msimbo unapobadilika, na kimojawapo, tj-actions/changed-files, kilitumiwa na hazina zaidi ya 23,000. Wengi walikiita kwa tagi, wakiamini kwamba v45 ya leo ni v45 ya jana. Mvamizi aliyepata mamlaka juu ya mradi alizihamisha tagi, za zamani na za karibuni, zote zikaelekeza kwenye komiti moja yenye sumu. Komiti hiyo ilichota nywila na funguo za siri kutoka kumbukumbu ya mashine na kuzimwaga kwenye rekodi za kazi, ambazo kwa miradi ya wazi zinasomeka na yeyote.

Ile kinga ya mwaka 2018 haikusaidia, kwa kuwa seva hizo huanza upya kila mara: hazina tagi ya zamani ya kulinganisha na mpya. Tagi zilirudishwa mahali pake, toleo la 46.0.1 likatolewa, na waliosalimika kabisa walikuwa wale walioandika alama 40 za komiti waliyoikagua, pasipo kutegemea jina. Tangu hapo desturi hiyo imeenea. Katika mafaili ya usanidi ya miradi mingi, alama 40 hutangulia, na pembeni yake kama maelezo huandikwa jina la tagi ili msomaji ajue ni toleo gani. Toleo jipya linapotoka, programu iitwayo Dependabot huleta pendekezo la kubadilisha vyote viwili kwa pamoja, na mtu huliangalia kabla halijaunganishwa.